Aliyeiga Sauti ya Mama Yvan

Wengine huenda kwa baba mkwe na mbuzi. Wengine na kreti za soda na shangazi mwenye maneno mengi. Nathaniel alikwenda na ombi moja tu, tena asubuhi, akiwa amevaa ndala na kaptula:

"Shikamoo, Mzee. Nipe hilo tangi la choo nikakumwagie."

Mzee Onésime alisimama. Alikuwa amelikumbatia tangi la plastiki kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi na kufungwa mpaka kifungo cha shingoni. Katika kambi nzima ile ya mapumziko kando ya ziwa Mälaren, ambako Waswidi walizurura vifua wazi na taulo begani, ni yeye peke yake aliyevaa soksi ndefu.

"Marahaba. Umesema nini?"

"Tangi, Mzee. Ni zito. Acha nilibebe mimi."

"Kijana, wewe umekuja kwangu kuomba binti?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na unataka kuanzia kwenye choo changu?"

Nathaniel akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa na majibu matatu, yote ya kuchekesha, na hakuna hata moja ambalo mtu humwambia baba wa mchumba. Mama mmoja wa Kiswidi mwenye mswaki mdomoni alikuwa anasubiri nyuma yao kwenye alama ya njano iliyochorwa chini. Ndivyo kambi ilivyokuwa kiangazi kile cha korona: mabafu, masinki, jiko la pamoja, kila mahali liliruhusiwa kundi moja tu kwa wakati, wengine nje kwenye alama zao.

"Mkwe habebi choo cha mkwewe," alisema Mzee, akaanza tena kutembea. "Hata Ulaya. Hata wakati wa korona."

Lakini amesema mkwe! Nathaniel alibaki pale kwenye alama yake akitabasamu peke yake mpaka yule mama akautoa mswaki na kumuuliza kama yuko sawa.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Nathaniel. Tangu mke wake Emérithe azikwe mwezi wa nne, Mzee Onésime alikuwa amejifungia kwenye fleti yake ya Norsborg, pembeni mwa Stockholm. Serikali iliwashauri wazee wa umri wake wasikutane na watu, naye akalipokea shauri hilo kama kifungo cha maisha. Watoto walimwachia chakula mlangoni. Alizungumza nao kupitia tundu la barua. Basi Nathaniel, dereva wa basi wa Rågsved, kijana wa Tabora ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akamwendea rafiki yake Solomon, Mganda wa Sundbyberg. Solomon alikuwa akikodisha husbil, yale magari yenye kitanda, jiko na choo ndani, na kiangazi kile watalii wake wote walikuwa wamefungiwa makwao. Magari yalikuwa yanaota vumbi. "Chukua mawili," alisema Solomon, "ila ukioa, mimi ndiye mpambe."

Kubwa akapewa Mzee, dogo akapewa Belyse, bintiye. Viti vikawekwa nje, mbali mbali, kwenye nyasi. Nathaniel mwenyewe alirudi kulala Rågsved kila jioni na kuripoti kila asubuhi kama mtu wa zamu, kwa sababu mchumba ambaye hajajibiwa halali karibu na binti wa watu, awe ndani ya husbil au ndani ya hema.

Na jibu lilikuwa leo. Mzee alikuwa amelisema wazi: "Nyumba yenye matanga haitoi bibi harusi. Tukishamwondolea Emérithe matanga, nitakujibu." Leo mchana ndiyo wangeyaondoa, pale pale nje, kwenye upepo, kwa sababu ndani ya fleti hakuna aliyethubutu.

* * *

Belyse alikuwa anakoroga sufuria ya isombe, kisamvu cha kwao, kwenye jiko dogo la gesi. Nywele amezifunga na kitambaa cheusi. Nathaniel alipomwona kwa mbali, moyo wake ulifanya kile unachofanyaga siku zote, yaani ujinga.

"Usinikaribie sana, Natha. Papa anaangalia."

"Papa anaangalia ziwa."

"Papa anaangalia ziwa kwa jicho moja."

Nathaniel akakaa kwenye nyasi, upande wa pili wa meza. Aliyaangalia macho ya Belyse. Zamani macho yale yalikuwa yanaanza kucheka kabla ya mdomo. Ulikuwa unamwona Belyse anakuja kituoni na kicheko kimetangulia mbele yake kama mtoto aliyetumwa. Tangu mwezi wa nne hakuna aliyekuwa amekiona.

Alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wazee wake walianza kuugua, wakaanza kufa, na siku moja akaenda kwa wazazi wake akiwa na kikohozi kidogo. Kikohozi chake kilipona. Cha mama yake hakikupona. Hakuna mtu aliyewahi kusema lolote. Wala hakukuwa na haja. Belyse alijiambia mwenyewe kila siku.

"Kwenu mnaondoaje matanga?" aliuliza bila kuinua macho.

"Tabora? Kwanza watani wanakuja."

"Watani ndio nani?"

"Makabila mnayotaniana tangu enzi za mababu. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano. Mkifiwa, wao wanakuja na kuharibu msiba. Mmoja ataingia kaburini agome kutoka. Mwingine anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anadai chakula, anagombeza watu kwa sauti yake."

"Na wafiwa hawampigi?"

"Wanamtupia chochote ili aache. Na wakati wanamtupia, wanacheka. Ndiyo kazi yake ile. Mtani anakuja kukuchekesha kwa lazima, kwa sababu mwenyewe huwezi."

Belyse aliacha kukoroga. Mvuke ulimpanda usoni, naye hakuukwepa.

"Mimi sijui hata kama kinywa changu bado kinakumbuka," alisema.

Alichota isombe kidogo, akaionja, akaongeza maji. Lakini neno lile lilikuwa limeshamwingia Nathaniel, na Nathaniel alikuwa mtu wa aina gani? Ukimwambia mlango haufunguki, ataujaribu kwa bega.

* * *

Yvan, kaka yake Belyse, alifika mchana kwa baiskeli, na kreti ya bia nyuma. Kwao Burundi wangekunywa kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, vichwa vimekaribiana. Leo kila mmoja alipewa chupa yake, akaenda nayo kwenye kiti chake, mbali na mwenzake kama watahiniwa.

Kiti cha tano kilikuwa kitupu. Juu yake Belyse alikuwa amekunja kitenge cha mama yake, cha njano chenye ndege wa kijani.

Mzee Onésime akasimama. Akavua kofia. Alikuwa amejiandaa, mkono mmoja alikuwa ameuweka kifuani kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Watoto wangu," alisema. "Mama yenu..."

Kisha hapakuwa na kitu.

Walisubiri. Jirani, watoto wa Kiswidi walikuwa wanacheza mpira, wanashangilia. Mzee alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti. Yvan aliinamisha kichwa na kuiangalia simu yake iliyozimwa. Belyse alikuwa ameibana chupa katikati ya magoti, na ule ukimya ukazidi kunenepa katikati yao mpaka Nathaniel akahisi kwamba mtu asipofanya kitu, wote wanne watazama humo.

Akainuka. Akakichukua kitenge. Akajifunga kiunoni.

Emérithe alikuwa anaburuza mguu wa kulia kidogo, na sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, na kila sentensi aliifunga kwa "hein" huku akijipiga paja. Ndiye aliyempenda Nathaniel kwanza, kabla hata ya Belyse. Kwa mwaka mzima alimlisha jikoni kwake na kumgombeza. Nathaniel alikuwa na ile sauti yote, nzima, kama mtu aliyeachiwa funguo.

"Oné!" alisema, na akaburuza mguu kwenye nyasi. "Nimetoka kidogo tu, ndiyo umekonda hivi? Na hizo soksi, hein? Kwenye jua hili? Unataka watu waseme nimekuachia soksi tu, sina kingine?"

Yvan aliinua kichwa kama aliyechomwa sindano.

"Wewe Yvan, simu mezani! Na wewe Belyse, mwanangu, mama yangu mdogo, hii isombe gani? Nimetoka hospitali kula chakula kisicho na chumvi, nimekuja kwenye matanga yangu mwenyewe, nako hakuna chumvi, hein?"

Akajipiga paja.

Belyse alicheka.

Kilianza puani, kikamponyoka kabla hajajua ni nini, kisha kikaja chote, kile kile cha zamani, kicheko kikubwa cha kurusha kichwa nyuma. Nathaniel alikisikia na ulimwengu mzima ukamnyookea. Kwa kitambo kile kidogo alikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote Stockholm.

"Vua."

Mzee Onésime hakuwa amepaza sauti.

"Mzee, mimi nilikuwa..."

"Vua nguo ya mke wangu."

Nathaniel alikifungua kitenge. Fundo liligoma, vidole vikawa vya mtu mwingine.

"Nani alikupa utani na sisi?" Sasa sauti ilipanda. "Ha? Nani? Babu yangu na babu yako walitaniana wapi? Wewe umekuja kuwa mkwe, na mkwe anamheshimu mama mkwe hata akiwa udongoni! Mke wangu alikufa na bomba kinywani. Sikumsikia hata neno moja. Na wewe umeichukua sauti yake umeitia mdomoni kama pipi!"

"Pappa, han menade inget illa," alisema Yvan, akimtetea Nathaniel kwamba hakuwa na nia mbaya.

"Mbele ya kiti cha mama yako, sema lugha ya mama yako!"

"Papa," alisema Belyse. Kicheko kilikuwa kimekufa usoni pake, lakini machozi yake kilikuwa kimeyaacha. "Papa, mimi ndiye niliyecheka."

Mzee alimgeukia.

"Nimekusikia," alisema.

Basi. Angempiga ingekuwa afadhali. Belyse alijifunika mdomo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia damu, na macho yake juu ya vidole yalikuwa yamekodolewa kwa hofu. Mama yake alikwenda hospitali kwa kikohozi kilichotoka kwake, na yeye amecheka mzaha wa hospitali.

"Belyse..." Nathaniel alipiga hatua.

"Usije." Maneno yalitoka kati ya vidole. "Usinikaribie, Natha. Tafadhali. Toka hapa."

Nathaniel alikirudisha kitenge kwenye kiti. Alijaribu kukikunja kama kilivyokuwa, akashindwa. Alijua tayari kosa lake, na ujinga wake ulikuwa umeyazidi mazuri yote aliyoyakusudia. Hata Tabora asingethubutu. Hata huko, mtani ni mtani na mkwe ni mkwe, wala hawakai kwenye kiti kimoja.

* * *

Alikusanya sahani, kwa sababu mtu aliyefukuzwa lazima aondoke na kitu mkononi. Akaenda nazo kwenye banda la masinki. Wageni wa kambi walikuwa ziwani wanaoga; banda lilikuwa tupu. Alifungua maji ya moto na kusugua sahani ambazo hakuna aliyekuwa amezilia.

Alisikia kikohozi cha adabu mlangoni.

"Ni kundi moja tu kwa wakati, Mzee," alisema bila kugeuka. "Imeandikwa."

"Najua kusoma."

Mzee Onésime aliingia. Nathaniel alirudi nyuma mpaka ukutani, kulinda ule umbali wa korona, povu likimchuruzika viganjani. Walisimama hivyo, masinki yote katikati yao.

"Mzee, nisamehe. Kwetu..."

"Belyse ameshanieleza ya kwenu." Mzee aliyatazama maji yaliyokuwa yanamwagika bure. Akayafunga. "Siku ile wale wa ambulensi walipokuja, mimi nilikuwa chumbani na homa. Mlango umefungwa, tusiambukizane. Emérithe alipita koridoni wakimshika mikono. Akaniita. 'Oné.' Basi, hivyo tu."

"Ndiyo, Mzee."

"Sikuitika. Nilikuwa na usingizi wa homa. Nilisema moyoni, nitamwitikia akirudi." Alipangusa meza ya bati kwa kiganja, mahali ambapo palikuwa safi. "Baadaye walinionyesha kwenye simu, amelala, ana mabomba. Nikasema wee, sema. Hakuweza. Na sasa kijana, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nimeanza kuisahau sauti. Maneno nayakumbuka yote. Sauti imekwenda. Nalala naitafuta. Leo umesimama pale na ndala zako, nikaisikia."

Nje mtu alivuta toroli la mizigo kwenye kokoto, akapita.

"Niite," alisema Mzee.

"Mzee, nimejiapiza sirudii tena."

"Niite, kijana."

Mzee aligeuka akauelekea ukuta. Mgongo wa shati lake lililopigwa pasi ulikuwa umelowa jasho. Nathaniel alifumba macho. Safari hii hakukuwa na mguu wa kuburuza, wala paja la kupiga. Aliitafuta ile sauti ya mkwaruzo mahali ilipokuwa, jikoni Norsborg, jioni, chakula kimeiva.

"Oné."

"Naam," alisema Mzee Onésime.

Mabega yalimwanguka.

"Naam, Emérithe. Nipo. Nipo hapa. Nilikuwa nimelala."

Kisha akalia. Alilia kama wanavyolia wanaume waliofundishwa kutolia, bila sauti, kwa mgongo tu. Nathaniel alitaka kumshika. Korona ilikataza, na mila ilikataza, na kama zote mbili zingekubali bado asingejua aanzie wapi. Alibaki ukutani, mikono inakauka na povu.

Mzee alifungua bomba, akanawa uso, akajifuta kwa leso. Alipogeuka alikuwa tena yule mtu wa kifungo cha shingoni.

"Wewe si mtu mbaya. Emérithe aliniambia, nami sikumkatalia. Sasa nikupe jibu lako."

"Mzee, si lazima leo."

"Ni leo. Jibu ni hapana."

Nathaniel alitikisa kichwa kukubali, kama abiria anayeambiwa basi limejaa.

"Kwa sababu ya kitenge."

"Hapana. Kitenge nimeshasamehe, humu humu ndani. Sikiliza. Ukiwa mkwe wangu utakuja Norsborg Jumapili. Utabisha hodi, utaniamkia, utakaa. Mimi nitakuwa nangoja kitu kimoja, Belyse aende jikoni, nikuombe tena. Na Jumapili nyingine. Na nyingine. Utakataa?"

Nathaniel hakuweza kusema uongo. "Sidhani kama nitaweza, Mzee."

"Unaona. Mtu hazikwi hivyo. Nitakuwa nimemweka sebuleni." Aliivaa kofia yake. "Sikuogopi wewe. Najiogopa mwenyewe. Nina watoto wawili na hii akili iliyobaki, nataka nife nayo. Kwa heri, mwanangu."

Hilo neno la mwisho lilimkata Nathaniel kuliko yote. Ndilo alilokuwa ameligharamia mwaka mzima.

* * *

Belyse alikuwa nje, amesimama juu ya alama ya njano, na beseni la vikombe kiunoni. Ukuta wa banda ulikuwa wa mbao nyembamba. Alikuwa amesikia kila kitu, na uso wake ulionyesha.

Baba yake alimpita, akamgusa kichwani kwa ncha za vidole, mguso wa kwanza tangu mwezi wa nne, akaendelea na njia yake.

Nathaniel alitoka. Wakatembea pamoja kuelekea lango la kambi, kila mmoja ukingoni mwake mwa njia, mibetula yenye magome meupe inawapisha.

"Nitatuma watu," alisema Nathaniel. "Mzee Thomas wa kanisani, na mama Theresia. Wenye ndevu na wenye maneno. Watakaa na Papa, watamlainisha."

"Washenga huwatumi kwa mtu aliyeshajibu."

"Basi nitangoja. Mwaka. Miwili. Mimi ni dereva, Bely, kungoja taa ndiyo kazi yangu."

"Natha."

"Sitaiga tena. Hata kuku sitamwiga."

"Natha, nisikilize." Alisimama. Akaliweka beseni chini, kwa uangalifu, vikombe visilie. "Uliposema 'Oné' mle ndani, unajua mimi nilifanya nini? Niliweka mkono kwenye mlango. Nilitaka niingie nikupigie magoti. Nilitaka umwambie... nilitaka umfanye aseme si mimi. Kwamba ugonjwa hakuupata kwangu."

"Niombe. Nitasema sasa hivi."

"Najua utasema." Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyajali. "Na nitaamini. Mpaka jioni. Kesho nitakuomba tena. Kwa hiyo tutakuwa wawili, mimi na Papa, tumeukodolea macho mdomo wako. Wewe ulikuja kutafuta mke. Si kazi ya kuwa Mama."

"Nakupenda wewe."

"Na mimi nakupenda mpaka nashindwa kumeza mate. Ndiyo tabu yenyewe. Leo umenichekesha, Natha. Hujui nilivyojisikia. Kama nimetolewa kwenye maji. Halafu nikajua nacheka nini, nikarudi chini kuliko mwanzo. Siwezi kupandishwa na kushushwa hivyo. Papa ana mimi tu wa kumpikia, na mimi nina yeye tu wa kunisamehe. Anajaribu. Umemwona alivyonigusa?"

"Nimemwona."

"Acha ajaribu."

Upepo wa ziwani ulikilegeza kitambaa cheusi kichwani pake, na ukingo wa nywele ukatokeza. Nathaniel aliuangalia ule ukingo kama mtu anayesoma jina la kituo chake cha mwisho. Alitaka kuurudisha ndani kwa kidole. Njia nzima ilikuwa katikati yao, kokoto tupu, nani angeamini kokoto zinaweza kuwa pana hivyo.

"Kwa hiyo naenda," alisema.

"Nenda."

Hakwenda. Naye Belyse hakuokota beseni. Walisimama wanaangaliana, na Nathaniel akaona pembe ya mdomo wake, ile ya kushoto, inacheza kidogo, kama inavyomcheza mtu akimwona mtani wake wa siku zote na mazoea yanamtangulia akili.

"Nenda, Natha," alisema upesi. "Nenda kabla hujanichekesha."

Na alikuwa nao. Mungu amsamehe, alikuwa nao tayari ulimini: mzaha mmoja mdogo, mzuri, wa sauti yake mwenyewe, usiomhusu marehemu wala hospitali. Ulikuwa umejitunga wenyewe wakati Belyse analia. Angeutoa, Belyse angecheka. Angecheka, angebaki, angevuka zile kokoto na kumwangukia kifuani, na baba yake huko kwenye husbil angesikia kicheko cha pili siku ile ile ya matanga.

Nathaniel aliufunga mdomo. Aliugeuzia mgongo uso ule alioupenda, akatoka langoni, akaifuata barabara ya lami inayokwenda kituoni. Nyuma alisikia vikombe vinagongana, beseni limeinuliwa. Mzaha ulikuwa umemkwama kama mfupa. Alimeza mara nyingine, na nyingine, na mpaka treni ya Rågsved inafika ulikuwa bado haujashuka.